Mtu wa Usingizi na Mguu wa Mama

Kabla hajaitikia salamu yako alikutazama miguu. Ulisema shikamoo, macho yake yakateremka mpaka kwenye visigino, yakapanda hadi kiunoni, na ndipo marahaba ikatoka, mara nyingi ikiwa na habari ambayo hukuiomba. Goti lako la kulia unalionea huruma, mama, ulianguka lini? Kiatu chako kinaisha upande mmoja, bwana, umekuwa ukiburuta mguu tangu lini? Watu wa mtaa wa Bulyaga walikereka. Nilimjua muuza ndizi mmoja ambaye akimwona tu anakuja, alikaa chini na kujifanya anapanga mafungu yake mpaka apite.

Hospitali alikuwa ndiye anayewalaza watu wanaokwenda kupasuliwa, na kwa kazi hiyo mji mzima ulimwita mtu wa usingizi. Jina lake nalijua, maana nimelidarizi mara mbili kwenye mfuko wa koti lake jeupe, lakini hapa silitaji. Mwenyewe hakulipenda. Mara ya pili aliniambia, "Fundi, fanya herufi ndogo, hili siyo bango."

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, kwenye kibaraza cha duka la mfanyabiashara mmoja ambaye babu yake alitoka pwani. Mtu wa usingizi alinijia siku moja amebeba karatasi ya mfuko wa saruji, juu yake amechora unyayo wa mtu kwa kalamu ya risasi. Alitaka mikanda ya kitambaa kigumu, ya kuufunga mguu huo kwenye kibao ili usipinde usiku. Nikamshonea. Akairudisha, mshono ulikuwa unamchubua mgonjwa. Nikashona tena, akairudisha tena. Mara ya nne nilimwambia kwa hasira anipeleke kwa huyo mwenye mguu nimpime mwenyewe, na tangu siku hiyo nikawa nafuatana naye majumbani na futi yangu shingoni, kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo ninachokieleza nimekiona. Mtu akipigwa na kiharusi, au mtoto akizaliwa ubongo umeumia, kuna misuli ambayo hubaki imejivuta mchana na usiku. Ngumi haifunguki mpaka kucha zinatoboa kiganja. Kisigino hakigusi chini. Mapaja yanapishana kama mkasi. Amri ya kujivuta hupita kwenye neva, na kazi ya mtu wa usingizi ilikuwa kuitafuta neva hiyo kwa sindano ndefu na kimashine kidogo kinachofanya msuli uruke sindano ikiwa karibu. Akishaipata, angeweza kuweka dawa ya aina mbili. Ya kwanza ni ganzi ya kawaida, ile ya kung'olea jino, ambayo huisha baada ya saa chache. Ya pili ni fenoli, inanuka kama dawa ya kusafishia choo, na hiyo huiunguza neva ikanyamaza miezi kadhaa. Hakutoa ya pili kabla ya ya kwanza, hata kwa ndugu wa mkubwa wa wilaya.

Na ganzi ikishaingia, hakukubali kumpima mgonjwa hospitali. "Nioneshe anakoishi," alisema. Neno hilo nimelisikia mpaka nimeliota. Mgonjwa alipandishwa kwenye bajaji, mtu wa usingizi akabanana pembeni yake, mimi na futi yangu nikafuata kwa bodaboda, tukakimbizana na saa kabla ganzi haijaisha. Anayeijua wilaya yetu ya Rungwe hahitaji kuelezwa sababu. Sakafu ya hospitali ni tambarare, lakini nani huku anaishi kwenye tambarare? Choo kiko chini, jiko liko juu, katikati ni udongo ambao mvua haiupi nafasi ya kukauka. Mgonjwa wa kiharusi anauchomeka mguu wake mgumu kwenye mteremko huo, anauegemea, anazunguka juu yake, anafika. Ukilegezwa, kwenye saruji ya wodi atatembea vizuri watu wapige makofi, na kwake hatakuwa na mguu.

Siyo kwamba alikataa kila mtu. Kulikuwa na binti wa Kiwira ambaye mapaja yake yalikuwa yamefungana tangu utotoni, na mama yake alishindwa hata kumsafisha siku zake za mwezi, alikuwa na michubuko ya kutisha. Huyo hakuwahi kusimama, hakuwa na cha kupoteza. Alichomwa fenoli pande zote mbili, na mchana ule mama yake alimwosha kwa maji ya vuguvugu akiimba wimbo wa kanisani huku analia. Mimi nililia pia. Mtu wa usingizi alikuwa nje, amegeukia ukuta, na mama yule alipotoka kumshukuru alikuta ameshaondoka kwa miguu kwenda barabarani kutafuta usafiri.

Hakuwa mtu wa kushukuriwa, na sababu yake niliijua baada ya miaka mitano, siku ya Noeli, nilipompelekea suruali. Mlangoni kwake kulikuwa na mkungu mzima wa ndizi. Nikamtania, nikasema leo umeozesha nini, mbona mahari yameletwa kwako? Hakucheka. Aliniambia unaletwa kila Noeli na mzee mmoja wa huko kwenye mashamba ya chai. Mke wa mzee huyo alikuwa mchumaji, akapooza upande, naye mtu wa usingizi, enzi hizo kijana na ana haraka, alimchoma fenoli wodini bila kwenda kuona kwao. Mama yule aliondoka anatembea kama bibi harusi. Wiki iliyofuata aliteleza kwenye njia ya kisimani, akavunjika nyonga, na hakuona mwezi wa pili.

"Mume wake anajua?" nikamuuliza.

"Anajua nilimsaidia. Ndiyo maana analeta ndizi."

"Na wewe unazila?"

"Chukua, Fundi. Zote. Nisaidie kuzitoa hapa."

Nilizichukua, tukazila nyumbani kwangu, na sikupenda nilivyojisikia.

Alikuwa na vioja vyake. Yeye aliyewalaza maelfu hakusinzia mbele ya watu. Kanisani alikaa ncha ya benchi, na mahubiri yakirefuka alisimama nyuma mlangoni. Jirani akianza kusinzia, alimgusa bega na kumtazama machoni kwa namna iliyomwondolea usingizi wa wiki nzima. Sindano aliziogopa kama mtoto. Jino lake liling'olewa bila ganzi, ameshikilia kiti, na mng'oaji alisimulia habari hiyo mji mzima. Alikunywa chai ya rangi kali bila sukari, na akiona watoto wanakimbia baada ya shule alisimama, hata kama ana haraka, awatazame mpaka wa mwisho apite. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu.

Lakini watu walimwogopa, na siyo kwa sababu ya macho yake. Kulikuwa na maneno yanayotembea, tangu Bulyaga mpaka vijiji vya chini huko kwetu, kwamba mtu wa usingizi anaona kifo. Akikufuata hadi kwako, akatazama, asikurudishe hospitali kwa sindano ya pili, basi wewe umekwisha. Wakwe walianza kuulizana: amechoma au ametazama tu? Ukijibiwa ametazama tu, kuna waliokwenda kuangalia kama mbao za jeneza zipo. Na kusema kweli wengi walikufa. Aliowakataa walikuwa ndio wale dhaifu kabisa, ambao ule ugumu wa mguu ndio pekee uliobaki kuwasimamisha. Walikuwa wanakufa kwa magonjwa yao. Watu hawakupiga hesabu hivyo.

Nami nilicheka maneno hayo. Nilisema ni upuuzi wa vilabuni. Kitu kimoja sikukiona, ingawa nilisimama pale pale. Alipomaliza kutazama, mtu wa usingizi hakuzungumza na mgonjwa. Alimwita mtoto mkubwa au mume, wakaenda kusimama kwenye migomba, akaweka mikono nyuma, akaeleza kwa sauti ya chini. Ndiyo desturi yake ya hospitali, mgonjwa kalala, ndugu wapo nje mlangoni. Yule aliyebaki kitandani aliona kupitia mlangoni vichwa vimeinama kwenye migomba, kisha akaona bajaji inaondoka. Mara ngapi nimeyaona hayo nikikunja futi yangu? Sikujiuliza hata siku moja yule wa kitandani anafikiri nini.

Mwaka juzi kiharusi kikampiga mama yangu.

Mama anaishi kijijini, chini ya mji, kwenye nyumba ambayo ukitoka mlangoni unaanza kuteremka. Kiswahili chake ni cha Kinyakyusa, z kwake ni s, na hajawahi kuona haja ya kukirekebisha. Mguu wa kulia ulikakamaa, vidole vinatazama chini. Lakini baada ya miezi mitatu alikuwa anajikokota nao mpaka jikoni, akishika mgomba huu na huu. Mimi niliona aibu. Miaka yote hiyo nimewashonea watu mikanda, na mama yangu anatembea kama jogoo aliyefungwa kamba? Nikamwomba mtu wa usingizi.

Alimchoma ganzi hospitali. Mama akapiga hatua kumi na mbili kwenye sakafu, kisigino kimeshuka, akaniangalia akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Tukampeleka nyumbani. Hatua ya pili nje ya mlango mguu ulijikunja kama nguo mbichi, na mtu wa usingizi alimdaka kwa mikono yote miwili, wakaenda chini pamoja kwenye tope. Tulimbeba ndani. Kisha akaniita kwenye migomba.

"Fundi, simchomi. Mguu huo mgumu ndio anaosimamia. Umwache nao."

Nilielewa. Hakuna mtu Rungwe nzima ambaye angeelewa haraka kuliko mimi. Akaondoka na bajaji yake, nikarudi ndani, nikamkuta mama amegeukia ukuta.

"Ametasama akaondoka," alisema.

"Mama, siyo hivyo. Amesema mguu wako mgumu unakusaidia."

"Ndivyo mnavyowaambia wote. Nimeona mwenyewe, mguu umeshakufa."

Jioni ganzi iliisha na mguu ukarudi ulivyokuwa. Nikamwonesha. Hakutaka kutazama. Kesho yake hakunywa uji, wala keshokutwa. Jirani mmoja alileta kuni bila kuombwa, akaziegesha ukutani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaka zangu wa Mbeya wameshaambiwa. Nilimfukuza na kuni zake. Siku ya tano mama alianza kunielekeza kitenge gani avalishwe.

Nilimfuata mtu wa usingizi, nikamwomba amchome chochote, hata maji, ili aone amechomwa. Alisema yeye hamdanganyi mgonjwa. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, mbona mzee wa ndizi unamdanganya kila Noeli? Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza naamini, na mimi nikaondoka kabla hajajibu.

Nikampeleka mama kwingine. Sitasema mji gani wala kwa nani. Kilikuwa chumba cha kupanga chenye vigae vinavyong'aa, na daktari kijana mwenye maneno matamu ambaye hakuuliza mama anaishi wapi. Nilijua anapaswa kuuliza. Hilo ndilo linalonifanya niandike haya: nilijua, nikanyamaza. Nilisikia harufu ya fenoli, nikatazama dirishani. Nilishafanya biashara moyoni, mguu utalegea, lakini mama atakula, na mimi nitamshika mkono kila anapotoka.

Na alikula. Usiku ule alimaliza sahani mbili za ndizi na maharage, akaomba na chai. Siku tatu nilikuwa na mama yangu wa zamani, akinigombeza kwamba sufuria yangu haijasuguliwa vizuri. Siku ya nne nilikuja mjini kumaliza sare za shule nilizoahidi. Mama, kwa kuwa amepona, alitoka peke yake kwenda jikoni.

Hakuvunjika. Watu wakaniambia nishukuru. Lakini walimkuta amelala kwenye mvua kwa muda ambao hakuna anayejua, na tangu hapo hakutaka kukanyaga chini. Mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine, unauinua unaanguka. Alilala chali, anatazama paa, hataki kulala ubavu, hataki kuguswa. Nilimsihi nimgeuze kila baada ya muda, kama nilivyoona wauguzi wakifanya. "Niache," alisema, "ninangoja." Wiki ya sita nilikuta doa jekundu juu ya makalio yake. Wiki ya nane lilikuwa shimo ambalo kidole changu kingeingia.

Kwa miezi hiyo nilimkwepa mtu wa usingizi. Nikimwona barabarani niliinama kwenye cherehani. Kazi ya mikanda nilimpa fundi mwingine. Na kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nilishika unyayo wa mama na kuusukuma, nikiomba niukute mgumu. Fenoli huisha, hilo nililijua. Nilikuwa namwomba Mungu amrudishie mama yangu ugonjwa, na sikumwambia mchungaji.

Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, asubuhi ya ukungu, na bajaji haikuweza kuteremka akamalizia kwa miguu. Amezeeka. Anatembea kwa tahadhari, na safari hii mimi ndiye niliyemtazama magoti. Majirani walitoka milangoni mmoja mmoja. Hakuna aliyesalimia kwa sauti. Mwanamke mmoja alivua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni, kama mtu anayejua kuna kazi.

"Shikamoo," nikasema. Nilijiandaa kutukanwa.

"Marahaba, Fundi. Yuko wapi?"

Mama alipomwona alifumba macho. Aliamkiwa kwa Kinyakyusa, akazidi kuyafumba. Mtu wa usingizi alifunua shuka, akakitazama kidonda kwa muda mrefu, akanusa, akakifunika. Kisha akaenda upande wa miguuni. Alishika unyayo wa kulia kwa kiganja, akausukuma juu kwa ghafla, akauzuia hapo.

Unyayo ukamsukuma. Mara moja, mara mbili, mara tatu, ukitetemeka mkononi mwake.

"Unarudi," alisema.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sijui ni furaha gani ile, ya kusikia ugonjwa wa mama yako unarudi, lakini ilikuwa furaha, nililia nayo mdomo wazi. Alipangusa mikono yake, akaniinamia.

"Twende nje kidogo tuzungumze."

"Hapana."

Alikuwa mama. Amefumbua macho, anamtazama yeye, siyo mimi.

"Semea hapa," akasema. "Siku ile ulisema na huyu kwenye migomba kwamba nitakufa."

"Sikusema hivyo, mama."

"Mimi hukuniambia kitu. Ulitasama, ukaenda kule, mkainamisha vichwa. Mwili ni wa nani?"

Mtu wa usingizi aligeuza shingo. Nilimwona anatazama mlango, migomba ile nje, kisha kitanda, kama mtu anayepima kwa jicho kutoka kilipo kichwa cha mgonjwa mpaka pale alipozoea kusimama. Nadhani aliwahesabu wote aliowaacha kitandani hivyo. Kisha akavuta kigoda cha jikoni, akakaa karibu na uso wa mama.

"Nisamehe, mama," alisema. Akaanza kumweleza, kwa Kinyakyusa, taratibu, mguu wake unafanyaje kazi, kwa nini hakuuchoma, kwa nini alianguka. Alitumia mfano wa nguzo ya nyumba na shimo lake, na mama, ambaye amejenga nyumba tatu, aliitikia kwa kichwa, akaelewa. Alimwambia mguu utakuwa na nguvu ya kumsimamisha baada ya wiki chache. Mimi nilieleza langu pia, vigae, fenoli, na kwamba nilijua. Mama hajanijibu hadi leo.

"Basi sifi," mama akamwambia yeye.

Nilimtazama mtu wa usingizi nikimwomba kwa macho aseme hapana, hufi, aondoke na bajaji yake.

"Mguu hauui, mama. Kidonda hiki ndicho kinachoua. Kimefika karibu na mfupa, na kimeanza kunuka. Leo hii tunakwenda hospitali, lakini hata huko, ukiendelea kulala hivi chali, hutafika wiki hizo za kusimama. Ukigeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ukila, unaweza kufika. Siwezi kukuahidi."

Nje majirani walikuwa wamekaribia mlango. Nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake amechoma au ametazama tu. Mama naye alisikia. Alimtazama mtu wa usingizi usoni kama anayesoma bei, akatazama paa lile alilolitazama miezi miwili, kisha akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kwangu.

"Kumbe kuna la kufanya," alisema. "Haya, nigeuseni."